Kitenge Yako ya Maua

Mama,

Milango mbili ya portail, ile geti ya chuma, haikukutana. Jana muteja alifika ku atelier yetu ya kuchomea vyuma, papa akafunga upande yake, Papa Kabamba, mwenzake wa kazi, akafunga yake, na katikati kukabakia nafasi yenye kuku inaweza kupita. Papa akaniambia miye: « Ambia ule mwenzako achukue vipimo mbele ya kukata chuma. » Papa Kabamba naye: « Ambia baba yako, vipimo inakutanaga kwa bantu benye kusemezana. » Na biko bamesimama pamoja, mama, mabega karibu igusane! Bantu bazima, nywele inaanza kuwa nyeupe, na miye njo telefone yabo.

Vile njo tunaishi tangu kilio yako, tangu tulikuzika.

Hukuona, basi nakuelezea. Bamama balikuwa banalia mu lupango, mbele ya nyumba, papa amekaa chini. Papa Kabamba, mutani wako, akatokea nyuma ya nyumba. Amevaa kitenge yako ya maua, foulard ku kichwa, mukono ku kiuno, anatembea kama weye: « Nani ameacha sufuria wazi? Munafikiri banzi bananilipaga loyer ya nyumba? » Sauti ilikuwa yako kabisa. Bamama bakacheka na machozi. Hata miye nilicheka, kisha nikajificha. Kwenu, upande wa Kasenga, mutani anafanyaga vile pa kilio. Kwabo papa, hapana. Papa akasimama, akamuvua kitenge mbele ya bote: « Bibi yangu amekufa, weye unacheza? Toka! »

Miye kusema mbele ya bantu kunanishindaga, unajua. Lakini neno yako ya wakati tulikuwa tunapigana na dada Mado haikunitoka: « Umemuuliza? Kama hujamuuliza, unakasirikia nini? » Basi nikamuuliza Papa Kabamba, wakati alikuwa anafagia atelier. Akaegemeza fagio ku ukuta. Kisha:

« Mama yako njo alinituma. Ku lopital alinishika mukono, akasema: Kabamba, siku yangu usiache banalia tu. »

Nikauliza juu ya nini hamuambie papa.

« Mutoto, baba yako alikuwa anamuambia utapona, na yeye anajibu ndiyo, nitapona. Sasa nimuambie bwana yake kama kufa kwake alinisemea miye? »

Mama, juu ya nini hukumuambia papa? Ona, na weye nakuuliza.

Tangu pale sikae pahali pamoja. Nashika nyundo, naacha. Naenda kuteka mayi ku robinet, narudi na ndoo tupu. Nikisema, Papa Kabamba anasafishwa lakini papa anavunjika. Nikinyamaza, muntu muzuri anabakia mubaya. Na ile siri si yangu. Ni yako.

Leo asubui dada Mado akaniambia Papa Kabamba anafunga mizigo, anaenda kukaa kwa ndugu yake ku Kasomeno. Haiko maneno tu, anaenda leo. Nikaingia kwa papa. Alikuwa anakunywa chai. Nikatafuta neno yenye haiko siri ya muntu, nikapata hii tu:

« Papa, kama mama angekuwa pale, angecheka? »

Papa akaweka kikombe. Akaangalia mulango, kama vile utaingia.

« Angecheka mupaka kukaa chini, » akasema.

Mabega ikaanza kutikisika, sikujua analia ao anacheka. Kisha akafungua malle, sanduku ya nguo, akatoa kitenge yako, akaikunja polepole. Akaharibu, akakunja tena, akauliza gari ya Kabamba inatoka saa ngapi.

Mama, maneno ya lopital sitamutupia papa. Lakini akiniuliza yeye mwenyewe, nitamuambia yote, na nitabakia kando yake. Kumudanganya, hapana. Hiyo nakuahidi. Na ule portail tutaukata upya, kama Mungu anapenda, tukiwa batatu.

Bakia salama, mama yangu. Natoka sasa. Gari ya Kasomeno inajaa, na papa iko ku njia na kitenge mu mukono, ananiita. Anasema hataweza kufungua kinywa mbele ya Kabamba, eti miye njo nitaanza kusema.

Miye, mama!