Tundu la Katikati

Furaha, usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia chooni hapa chuoni.

Leo si nimetetea utafiti wangu wa udaktari wa hesabu? Mama kaja kutoka Matombo, kavaa kitenge kipya, kakaa mbele kabisa. Kila kitu kwa Kiingereza, haambulii neno, anatabasamu tu.

Nikaweka ile picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege, ya kule kwetu mlimani kabla watu hawajahamishiwa kijiji cha Ujamaa. Nyumba nikazifanya mfano wa chembe zilizotawanyika ovyo: kila moja unaizungushia duara, maduara yanakua mpaka yanagusana, halafu unachunguza matundu yanayobaki.

Profesa akauliza, "Na hilo tundu kubwa katikati?"

Nikacheka. Nikacheka, shoga! Nikasema, "Hamna kitu hapo, limetokea tu." Ukumbi mzima ukacheka.

Hamna kitu!!

Tumetoka nje, mama kanishika mkono. "Pale katikati nimepatambua, kwenye makaburi yetu. Umewaambia nini kuhusu bibi yako, mbona wamefurahi vile?"

Furaha, mimi kila mwaka napanda mlimani kufyeka majani pale. Napajua! Nani kwetu atajenga juu ya wazee wake? Ndiyo maana nyumba zimepazunguka. Miaka yote hii napaangalia kwenye picha, naona tundu.

Nikamjibu, "Nimewaambia bibi amelala pale."

Kufaulu nimefaulu. Wameshaniita daktari.

Sasa namsikia mama nje ya mlango anaongea na mjomba kwenye simu: "Kaka, mama katajwa chuo kikuu!"