Kifungu Ulichokiomba, Dada

Mpendwa dada Ndeonasia,

Shikamoo. Nakusalimu ingawa najua sitaisikia marahaba yako.

Nakumbuka tulivyochimba mtaro wa bomba, kutoka chemchemi ya juu ya Nkoaranga hadi kwenye migomba yetu. Mabomba yalitoka serikalini, nguvu zikawa zetu. Wewe ulishika jembe, mimi nikazoa udongo kwa karai, na mama alikuwa nyuma yetu na mtoto mgongoni. Maji yalipotoka mara ya kwanza ulinimwagia kichwani, tukacheka mpaka mama akatugombeza kwa kuyachezea.

Ndiyo maana, miaka ya ubinafsishaji, ulishtuka uliposikia redioni kwamba sheria mpya ya maji inaandaliwa na wawekezaji wanakaribishwa. Kiwanda alichofanyia kazi shemeji kilikuwa kimeshauzwa, naye karudishwa nyumbani. Ulisema kiwanda kikifungwa mtu atalima, lakini maji yakiuzwa atakunywa nini? Ukaanza kuwazungukia kinamama wa kanisani, ukashuka hadi Kikatiti, ukiwaeleza jambo moja tu: sheria itamke kwamba maji ya umma hayauzwi wala hayakodishwi.

Nilikaa karibu nawe siku mbunge alipokuja Kikatiti. Ulisimama, kitenge umekikaza kiunoni, ukaomba kifungu hicho kiwekwe kwenye sheria. Alikusikiliza kwa heshima, kisha akasema serikali haiwezi kujifunga mikono.

"Mheshimiwa," ulimjibu, "mikono isiyofungwa ndiyo iliyouza kiwanda."

Watu walipiga makofi. Naye akapiga. Nilirudi nyumbani nikiamini tumeshinda. Wewe hukuamini.

Uliondoka duniani kabla sheria haijapita, na kuna siku namshukuru Mungu kwa hilo. Kifungu chako hakimo. Niliisoma yote, nikarudia, halafu nikamwendea wakili mmoja hapa mjini. Akaniambia kwa upole kwamba mahakama haiwezi kulinda neno ambalo halikuandikwa. Sasa maji ya kwetu yamekabidhiwa kampuni, kwa mkataba ambao hatujauona. Hapa Themi ninakoishi, bomba la mtaa limepigwa kufuli. Kinamama wanateka mtoni, chini ya pale magari yanapooshwa. Niliwaita tukutane, kama ulivyokuwa ukifanya. Walikuja wawili. Mmoja akanishauri nimwachie Mungu.

Juma lililopita nilipanda nyumbani Nkoaranga. Watu wa kampuni walikuwa chemchemini, wanapima mahali pa kupitisha uzio. Mama haoni tena vizuri. Alisikia sauti zao akadhani serikali imekuja kutengeneza bomba. Akamenya ndizi mwenyewe, akachemsha, akanituma niwapelekee.

"Wametoka mbali," alisema. "Wasirudi na njaa."

Nilitaka kumweleza, nikakosa pa kuanzia. Nikapeleka. Walikula, wakashukuru kwa adabu, mmoja akaniita mama na kuuliza kama hiki ndicho chanzo chote au kuna kingine juu zaidi. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa sababu aliuliza vizuri na mimi nimechoka. Kisha nikasimama pembeni, nikisubiri sahani.

Lala, dada. Huku hakuna cha kukuamshia.

Mdogo wako