Dada, Hukuwa Mzembe

Mwaka umetimia, dada yetu mpenzi, tangu homa ya siku nne ikuondoe mikononi mwetu. Nyumba bado haijazoea kimya chako.

Kazini walikuita Mama Viwavi. Kwa miaka minane uliwalea bakteria wako, ukawapandikizia jeni ya kutengeneza protini inayomuua kiwavi wa mahindi na kumwacha nyuki salama. Ulirudi nyumbani ukinuka hamira. Tukikuta kiwavi kwenye mboga ulimtia kichupani: "Msimguse, huyo ana miadi na mimi kesho." Mumeo alicheka mpaka akazoea.

Mbegu yote ya bakteria hao ilikaa kwenye friza moja, koridoni mwa maabara. Mara nne uliomba friza ya pili, ili nakala ikae kwingine. Mkurugenzi alikujibu, "Tutaona." Hakuona kitu.

Siku ya kukuaga, ofisi ilitaka hotuba zisomwe pale pale ulipofanyia kazi. Spika ikakosa pa kuchomeka. "Chomoa hiyo," mkurugenzi akasema akionyesha plagi ya friza, "ni dakika kumi tu." Alizungumza saa nzima, akakusifu huku akijifuta macho, kisha sote tukaelekea makaburini. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu vichupa vyote vya bakteria wako vilikutwa vimeyeyuka barafu na kupata joto, na hakuna bakteria aliyeota tena.

Mwezi uliopita maabara ilitoa ripoti yake. Eti utafiti umepotea kwa sababu marehemu hakuweka nakala. Hawana hata haya! Mama aliisoma mara mbili, akauliza, "Kwani mwanangu alikuwa mzembe?"

Dada, aliyechomoa plagi ile ni mdogo wako, kitinda mimba wetu, anayeandika maneno haya. Aliagizwa, lakini mkono ulikuwa wake, na kuirudisha alisahau. Mwaka mzima amekula meza moja na mama bila kufungua mdomo, akiogopa macho yake. Juzi alimwambia. Mama akatamka neno moja: "Kaandike." Hajasema naye tena.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mama yako, na mdogo wako ambaye hakuombi msamaha leo, maana hajaustahili. Upo mioyoni mwetu siku zote, na hatutanyamaza tena ukisingiziwa.