Alikuwa Anauliza

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kama Fundi Mapazia (jina kamili lipo kwenye jalada)
Umri: miaka 63
Kazi: fundi cherehani
Hali ya ndoa: mgane
Makazi: chumba cha nne, nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, sijatishwa wala sijaahidiwa kitu. Kusoma na kuandika najua, ila macho siku hizi hayanisaidii, kwa hiyo mimi nasema na afande anaandika.

Nilihamia chumba hicho mke wangu alipofariki. Nashona mapazia humohumo ninamolala. Nyumba yetu haina dari. Ukuta wa kutenganisha vyumba unapanda kidogo kupita kichwa cha mtu mrefu, na juu yake ni wazi hadi kwenye bati. Jirani akipiga chafya unamwambia afya. Sitegi sikio, afande. Cherehani yangu ikinyamaza tu, chumba cha tatu kinahamia kwangu chote.

Chumba hicho anaishi dereva wa lori na mke wake, pamoja na mama mzazi wa dereva, ambaye sisi wapangaji tunamwita Bibi. Dereva ni mtu wa safari, kwa hiyo muda mwingi wanabaki hao wawili, mkwe na mama mkwe. Bibi alipata kiharusi mwaka jana. Mkono mmoja ukalegea, kumbukumbu ikapungua, na sauti nayo ikaharibika. Maneno anayatoa vizuri, lakini yanatoka yamelala, hayapandi wala hayashuki. Akisema, "Mvua inanyesha," hujui anakupa habari au anataka umpe wewe. Ndiyo maana mke wa dereva alizoea kumwuliza, "Mama, unauliza au unasema?" Bibi anajibu, "Nauliza," au "Nasema," ndipo mazungumzo yanaendelea. Siku moja Bibi alisema, "Mume wako mzuri." Binti, yaani huyo mke wa dereva, akamwuliza anauliza au anasema. Bibi akajibu, "Nauliza." Walicheka sana, na mimi huku nikapindisha mshono.

Afande ameniuliza ninaijuaje sauti ya mke wa dereva kiasi hicho, na kama kuna uhusiano kati yetu. Hakuna. Tunasalimiana uani, "Shikamoo, Fundi," "Marahaba, mwanangu," basi. Lakini yule binti anauliza kutwa nzima. "Mama, umeamka?" "Mama, umeshiba?" "Mgongo bado unauma?" Sauti yake inapanda kwenye neno la mwisho, kisha anakaa kimya akikungoja, kama mtu aliyekushikia mlango upite.

Na mimi, sijui nilisemeje hili, nilianza kumjibu. Mwanzoni kimoyomoyo, baadaye kwa sauti ndogo. Akiuliza, "Umeamka?" mimi huku nasema, "Nimeamka." Akiuliza, "Umeshiba?" nasema, "Nimeshiba, mwanangu." Swali la dawa tu, "Umemeza?", ndilo sikuwa nalijibu, maana mimi sina dawa. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Hapa afande ameacha kuandika akaniangalia. Nimemwomba aliandike, kwa sababu ushahidi wangu wote umekaa hapo.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumatano, asubuhi, nilimsikia binti akimpa Bibi dawa yake ya presha. "Meza, mama. Umemeza?" Majira ya saa nne akamwambia, "Naenda kufua hapo bombani, mama. Ukiniita nakuja." Mlango ukafungwa. Nilikuwa nakata kitambaa cha mapazia ya zahanati, cherehani haikuwa inafanya kazi.

Haukupita muda Bibi akasema, peke yake, "Nimekunywa dawa."

Hakukuwa na mtu wa kumwuliza anauliza au anasema. Mimi nilichukulia kwamba anasema. Nikasikia kichupa kikitikiswa na kikombe kikirudishwa mezani. Nikaanza kushona. Niliposimamisha cherehani kubadilisha uzi, nikamsikia tena, "Nimekunywa dawa," na kichupa tena. Nilidhani anajisemea, wazee tuna tabia hiyo. Nikaendelea na pindo. Ilikuwa hivyohivyo kila nilipopumzisha mguu.

Sasa najua alikuwa anauliza, na aliyekuwa karibu kumjibu ni mimi tu. Ilitosha niseme kwa sauti, "Bibi, umeshakunywa." Neno lilinifika mdomoni. Lakini ningelisema, wangejua kwamba nasikia kila kitu chao, na pengine wangeanza kunong'ona. Hilo niliogopa zaidi. Nikanyamaza.

Binti alirudi, akamkuta mama mkwe wake amejilaza, akadhani ni usingizi. Nilimsikia akinyata. Mchana, dada yake dereva, ambaye anauza nguo sokoni, alikuja kumwona mama yake kama kawaida yake. Nilimsikia akiita, "Mama! Mama!" kisha kichupa kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kitupu, nilijua kwa mlio.

Dada wa dereva akasema, "Umempa zote!"

Binti akasema, "Nimempa zote?"

Dada wa dereva akapaza sauti, "Jamani, kasema mwenyewe! Njooni, kasema mwenyewe!" Watu wakajaa mlangoni.

Afande amenisomea maelezo ya huyo dada. Imeandikwa kwamba mtuhumiwa alitamka, "Nimempa zote." Sibishani naye hata neno moja. Maneno yalikuwa hayo. Wala simwiti mwongo, alikuwa amemshika mama yake hageuki wala hajibu, na kwa hali ile hata mimi ningesikia ninachokiogopa. Lakini binti hakuwa anakiri. Alikuwa anauliza. Afande ameniuliza nina uhakika gani. Uhakika wangu ni kwamba nilimjibu. Mikono ilikuwa kwenye kitambaa, sikuwa nimewaza lolote, mdomo ukatamka wenyewe, "Hapana, mwanangu, hujampa!" Safari hii ilitoka kwa nguvu. Asingekuwa anauliza, nisingejibu.

Kisha dada wa dereva akasema, "Nani huyo?" Nilitoka mbio nikaingia kwao, mara yangu ya kwanza kukiona chumba chao, tukambeba Bibi mpaka kwenye gari la mwenye duka. Mimi nilishika miguu. Binti alishika kichwa, na njia nzima alikuwa anasema, "Mama, unanisikia? Mama, unanisikia?" Hilo sikulijibu. Halikuwa langu.

Jioni ileile binti alikamatwa hospitalini. Mume wake yuko njiani, simu yake haipatikani.

Nimechelewa kuja kwa sababu ya aibu. Mtu mzima na mvi zake aje kuwaeleza polisi kwamba anajibu maswali ya nyumba ya watu. Jana dada wa dereva alikuja kuchukua nguo za mama yake, akanikuta uani akaniambia, "Kumbe wewe kazi yako ni kutusikiliza." Nikamwambia ndiyo. Akaenda zake analia.

Chumba cha tatu sasa hakina mtu. Cherehani ikinyamaza nasikia bati likitanuka kwa jua. Leo nilipofungua macho nilisema, "Nimeamka," kabla sijakumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza. Nikavaa viatu nikaja hapa.

Afande amenisomea maelezo haya. Alipofika kwenye maneno ya binti, aliyasoma kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Nimemwomba arudie, akarudia vilevile. Nimemwomba aweke alama ya kuuliza. Ameweka. Nimemwomba asome tena, na sasa sauti yake ikapanda: "Nimempa zote?" Askari wa meza ya pili, ambaye hakuwa anatufuatilia, akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi sijui, afande." Nimeomba na hilo liandikwe.

Niliyoyasikia na niliyoyanyamazia nimeyasema yote. Nikiitwa mahakamani nitayasema tena, na maneno ya yule binti nitayatoa kwa sauti aliyoyatoa nayo yeye.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, na nimemsomea shahidi kwa sauti kama alivyotaka, akakubali kuwa ni sahihi. Kabla hajaondoka nimepokea simu kutoka kwa askari aliyeko hospitalini. Mgonjwa amezinduka. Ameulizwa mbele ya muuguzi kama kuna mtu aliyempa dawa zile, akatikisa kichwa kukataa. Ameulizwa kama alizinywa mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Binti yake wa kumzaa, dada wa dereva, alikuwepo na ameshuhudia. Nimelipeleka jalada kwa mkuu wa kituo, ambaye ameelekeza mtuhumiwa aachiwe leo taratibu zikikamilika.

Shahidi alipotakiwa kutaja ndugu au mtu wa karibu wa kupigiwa simu endapo atahitajika, alimtaja mtuhumiwa. Nimemweleza kwamba bado yuko mahabusu. Amesema atamsubiri.