Umtoe Baba Kwenye Moto Ule

S.L.P. 31,
Kirongwe, Mafia.
9 Novemba 2024

Mpendwa dada Kidawa,

Shikamoo. Najua huko London hata watoto wanakuita kwa jina tupu, lakini mimi bado nakuogopa. Vipi afya, na lile goti? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa meno yangu. Yamebaki mawili, nayo hayasalimiani.

Sura ya kwanza ya kitabu cha maisha yako imefika kwenye simu ya mjukuu wangu Zulfa. Alinisomea barazani, maana shule yangu unaijua: niliishia darasa la nne, mwalimu akashukuru. Nikasikia ulivyoingia jumba lile la kuchapisha vitabu kupiga taipu, wakakudhani mfagiaji, hadi ukawa mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti cha mhariri mkuu. Nilijigamba mpaka mke wangu Husna akasema, "Kwani kiti umekalia wewe?"

Zulfa alipofika pale unaposema Baba alilichoma daftari lako la hadithi, nikamwambia aache kusoma.

Dada, si Baba. Ni mimi.

Unakumbuka nilikuwa nikimuuzia Mama bajia zake mtaani. Siku ile karatasi za kufungia ziliniishia, nikaliona daftari chini ya godoro lako. Nikachana ukurasa mmoja tu. Kesho yake jirani yetu Bi Sabra akaja mbio: "We Maliki, bajia zako chumvi imezidi, lakini yule mwanamke aliyevuka kwa miguu kutoka kisiwa cha Chole kwenda Juani, maji yakaanza kujaa, alifika?" Nikamfungia nyingine kwa ukurasa wa pili. Wiki nzima watu walinunua bajia wapate hadithi. Msambazaji wako wa kwanza ni mimi, na kitabuni simo!

Lilipobaki jalada, woga ukanishika, nikalitia kwenye moto wa jikoni. Baba akanikuta na majivu. Ulipomkabili alinyamaza, nawe ukaamini ni yeye, kwa kuwa kweli alishatishia kulichoma, si mara moja. Baadaye akaniambia, "Dada yako ataondoka siku moja. Akinichukia mimi, atakuwa bado na ndugu wa kumrudia."

Nami nikanyamaza. Hukuja kumzika, bado nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma, dada, si bajia.

Umesema kitabu kinaingia mtamboni mwisho wa mwezi huu. Basi wahi. Nitukane sura nzima, niite mwizi, nimestahili. Lakini umtoe Baba kwenye moto ule. Kaburi lake nalipalilia kila Ijumaa, ukija hutalitafuta.

Husna na Zulfa wanakusalimu sana. Bi Sabra naye, sasa haoni vizuri, lakini bado anauliza kama yule mwanamke alifika Juani. Nimemwambia mwenye jibu ni wewe.

Mola akuzidishie umri, na macho ya kusomea.

Nduguyo akupendaye, hata ukikasirika,
Maliki