Mtemi Mayala Akataa Kofia ya Chuma

Buzuruga, Mwanza
14 Agosti 1997

Dada Wilhelmina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Nestory na wapwa zangu, na kwamba lile jino lililokuwa linakusumbua umeshaling'oa, maana nakujua unavyoogopa koleo. Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Ziwa limejaa magugumaji, wavuvi wanasukuma mitumbwi kama mikokoteni. Shangazi Getruda anakusalimu, anauliza kama huko Dar es Salaam hakuna posta.

Katika barua yako uliuliza mambo mawili. La kwanza, ni karata gani za mapepo ambazo Katekista Josephat alikuambia, alipokuja huko kwenye semina, kwamba baba anashinda nazo. La pili, baba anapanda treni siku gani kuja kwako kwa ajili ya mionzi. Nitajibu yote. Ila naanza na karata, kwa sababu bila hizo hutanielewa kwenye la pili. Na usiruke kurasa, tabia yako naijua.

Mwaka juzi Opiyo, rafiki yangu wa Shirati anayeuza mitumba hapa stendi, alifungua belo la nguo za watoto akakuta ndani yake boksi la karata za Ulaya. Siyo hizi zetu za shupaza na kopa. Zilikuwa na picha: watu waliovaa chuma kutoka kichwani mpaka miguuni, ngome juu ya miamba, wafalme wagonjwa, makaburi yaliyoachwa wazi. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno ya lugha ambayo hata Kiingereza siyo. Opiyo akaniletea kibandani, maana kwa kuwa naandika mabango ya maduka anadhani nasoma maandishi yote ya duniani. Tukashindwa, tukaanza kutunga wenyewe nchi ya watu hao na sheria za mchezo. Baadaye nikakata karatasi za manila nikachora za kwetu, kwa wino na mabaki ya rangi.

Baba alikuwa na kawaida ya kuja kibandani tangu wampunguze kiwandani, kazi yake ikiwa kuniambia mistari yangu imepinda. Alitusikiliza siku mbili tatu, halafu akasema nchi yetu ni ya kijinga. Alisema ina mapanga na wafalme lakini haina sababu. Hao watu wanauana kwa ajili ya nini? Wanakula nini? Nani alikaa hapo kabla yao? Basi tangu siku hiyo mwenye nchi akawa yeye, mimi nikabaki mchoraji tu.

Ikawa Nchi ya Majabali. Jua lake halichomozi vizuri, kwa sababu ngoma ya kuliamsha ilichukuliwa na watu wa ziwani. Opiyo alilalamika kwa nini wezi wawe wa kwao, baba akamjibu kwamba mtu wa Shirati hawezi kuiona ngoma nzuri akaipita. Wafu wa nchi hiyo hawazikwi, maana chini ni jiwe tupu. Wanalazwa mapangoni, na kila anayepita karibu wanamwuliza habari za nyumbani, naye ni lazima awaambie ukweli. Sijui baba alikuwa anayatoa wapi. Maneno yote yaliyo chini ya picha ni yake.

Wale watu wa chuma, kwa kuwa kwenye karata za Ulaya sura zao hazikuonekana, baba alisema hawana sura. Zamani walikuwa watu kama sisi. Tauni ilipoingia, mfua vyuma mmoja aliwapa kofia za chuma, na anayeivaa hafi. Lakini haivuliki tena, na humo ndani sura inafutika taratibu, mwisho hata mama yake mzazi hamtambui. Josephat aliposikia hilo ndipo alipoanza kusema mapepo. Siku hizi naye anacheza, ana karata ya mchawi ambayo hataki kubadilishana na mtu.

Juu ya wote yuko Mtemi Mayala, mzee mgonjwa na mkali. Vijana wa hapa na wa Nyegezi wanaocheza karata hizi wananidai karata ya kifo chake tangu Pasaka, maana bila kufa huyo hakuna mtemi mpya, na mchezo hausogei. Nilikuwa nawaambia bado nachora. Ukweli ni kwamba sura yake niliichora kwa kumtazama baba, na sikuwa na moyo wa kumwua.

Baada ya hapo unajua: saratani ya koo, kulazwa Bugando, daktari kusema aende Dar. Ambalo sikukuandikia ni kwamba daktari huyo huyo aliniambia waziwazi kuwa mionzi haitamponya. Itamwongezea muda, labda. Baba alikuwa anasikia.

Nilikuwa nampelekea uji kila mchana, na uji ukimshinda tunafanya karata. Sauti imebaki ndogo, ukali haujapungua. Wiki iliyopita akaniambia niandike kwamba watu wa chuma wamefika kwa Mtemi Mayala na kofia mkononi. Nilifurahi, nikasema basi avae. Akasema amekataa. Dada, nilibishana naye. Nikamwambia mtemi akivaa atawaona wajukuu zake wakikua. Akaniuliza, na wao watamwona nani? Nikamwambia mtemi mwenye busara hawaachi watu wake kabla ya wakati. Akajibu kuwa mtemi anaujua wakati wake kuliko mwandika mabango. Mgonjwa wa kitanda cha pili alitutazama kama watu wanaogombea urithi.

Nikamwuliza, sasa huyo mtemi anataka nini? Akasema anataka kulala nyumbani kwake Buhongwa, asikie ng'ombe wakitoka asubuhi, asichomwe mwili mahali ambapo hakuna anayemjua. Mtemi Mayala hakai Buhongwa. Niliweka kalamu chini. Baba akanishika mkono, akasema kwa Kisukuma, bila mtemi wala karata, kwamba nisimpeleke.

Tangu Jumatatu baba yuko nyumbani Buhongwa, nami nalala huko. Mimi ndiye niliyesaini kumtoa, na tiketi ya treni nimeirudisha stesheni. Daktari alinionya, nikamwelewa, nikasaini. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungekataa, na mimi ningekutii kama nilivyozoea. Una haki ya kunikasirikia. Najua ulivyohangaika kumtafutia nafasi hospitalini, na kwamba watoto umeshawahamisha chumba. Hilo limeniuma sana, nimelia. Lakini sijuti, na ukija kunisema nitakusikiliza mpaka mwisho.

Dawa ya maumivu anayo, nesi wa zahanati anapita kumwona. Anakunywa maziwa kidogo. Asubuhi tunamtoa uani, anawatukana ng'ombe wa jirani kwa jina.

Nilimwuliza kama nikuandikie uje. Akasema hapana, una kazi na watoto, usisumbuliwe. Nilipotoka nje nikamsikia anamwambia shangazi Getruda akung'ute godoro la kitanda chako na kulianika juani.

Barua hii nampa Opiyo, anakuja huko kufuata mzigo. Mpe chai, usimgombeze, hana kosa. Anarudi na basi la Jumamosi, na nimemwomba akukatie siti ya dirishani. Msalimie shemeji, wapwa zangu wabusu kwa niaba ya babu yao, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Shigela