Ndala za Korido ya Ghorofa ya Nne

Kaka Badi,

Ndala zako bado ziko korido, kando ya mlango wa chumba chenu cha swala. Hakuna anayezigusa. Mama Mchina anayefagia anazizungukia na ufagio wake, na mimi, mwanamke mzima, nikipita hapo jioni natembea kwa ncha za vidole. Wakati mwingine nikiwa stoo nafunga mizigo nazisikia: chapa, chapa, kama ulivyokuwa ukija kuniuliza kama chai ipo. Nageuka, hakuna mtu. Naogopa, sikufichi. Na siku nisipozisikia naogopa zaidi.

Unaikumbuka ile jioni ya mvua? Tulikutana kwenye chumba chetu sisi Wakristo kupanga namna ya kumrudisha nyumbani marehemu yule wa Kisumu. Wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara Waswahili wote hapa mtaa wa Dengfeng, ugenini Uchina, wa msalaba na wa kanzu. Magharibi ikaingia tukiwa katikati ya maneno. Chumba chenu kilifungwa, na Bi Swafiya mwenye ufunguo alikwama na mvua barabara ya Guangyuan Xilu alikokwenda kuuza mabaibui yake. Nikakwambia, "Mwenyekiti, swali hapa hapa. Tumefagia." Ukashukuru, ukaokota boksi tupu, ukalipasua, ukaenda kulitandika nje karibu na lifti, pale panapovuja.

Nilivimba, Kaka. Unanijua mimi na hasira zangu. Uliporudi nikakuvaa mbele ya watu: "Kumbe chumba chetu ni najisi?"

"Sikiza, mamangu," ukasema, huku ukikung'uta magoti. Ndipo ukanisimulia habari za khalifa wenu wa pili, siku alipoingia Yerusalemu na mji umeshakuwa wake. Wakati wa swala ukamkuta kanisani, na askofu akamkaribisha aswali humo humo. Akakataa. Akatoka, akaswali nje kwenye ngazi. Alihofu kwamba akiswali ndani, watu wake siku za mbele watasema hapa khalifa aliswali, basi hapa petu.

Mimi sikuwa mtu wa kukubali kirahisi. "Na hao Wakristo hawakutozwa kodi?"

"Walitozwa," ukasema. Hukuzunguka. "Sikwambii alikuwa malaika. Nakwambia aliwajua watu wake. Na mimi nawajua wangu. Nikiswali humu leo, nikifa watakuja na mikeka, na nyinyi mtaona haya kuwakatalia kwa ajili yangu."

"Loh! Muuza feni unajipima na khalifa!"

"Feni na taa," ukanisahihisha, na hasira ikaniisha kwa kicheko.

Kisha ukaenda Mombasa kutibiwa moyo. Uliapa maonyesho ya biashara ya Pazhou yakifunguliwa utakuwa umerudi, ukaziacha ndala pale pale ili usitafute nyingine. Habari ilinikuta Pazhou kwenye foleni ya kuingia, beji shingoni. Ulikuwa umeshazikwa. Nyinyi mnazika haraka jamani, sikupata hata nafasi ya kukataa kuamini. Nikaingia ndani, nikaulizia bei za pasi na mablenda, sijui hata nilijibiwa nini.

Wakanichagua mimi nikae kwenye kiti chako. Nilidhani ni heshima, kumbe ni kukaa na wewe kila siku.

Maana mwezi uliopita laoban, mwenye jengo, alichukua chumba chetu akakifanya stoo yake. Nilimbembeleza, jibu likawa meiyou, meiyou, hakuna chumba kingine. Na Waislamu wamepungua hapa, wengi wamehamia miji mingine au wamerudi nyumbani. Chumba chenu kinashinda kitupu, kinapata watu jioni na Ijumaa tu. Basi Bi Swafiya akaja mwenyewe na ufunguo, machozi yakimlengalenga. "Ingieni Jumapili msali, Mama Upendo. Badi angefurahi."

Nikaupokea. Nilitaka kuingia, Kaka, nisikudanganye. Nilitaka kukaa mahali ulipokuwa ukikaa.

Jumamosi nikaenda kufungua nipitishe ufagio, nikamkuta mwalimu wetu wa kwaya ameshatangulia. Amesimama pale mlangoni, futi ya kupimia mkononi, anapima kama kinanda kitapita. "Mama Mwenyekiti," akasema kwa furaha, "wewe fungua tu kwa sala kesho. Ukishasali wewe humo, nani atatutoa? Na ule ukuta wa mbele unafaa kabisa kwa msalaba."

Si mtu mbaya. Ndiye aliyelia kuliko wote ulipokufa. Lakini nyuma yangu, Mungu ni shahidi, nikasikia: chapa, chapa.

Jumapili walikuja wote wamependeza, wamejipanga korido wakingoja nifungue. Nilimwita Bi Swafiya mbele yao nikamrudishia ufunguo wake mkononi. Kisha nikaokota boksi, nikalipasua, nikalitandika karibu na lifti. Mwalimu akaninong'oneza, "Mama, unatuaibisha. Wao wenyewe wametukaribisha!" Nikamwambia ndiyo, wametukaribisha, ndiyo maana. Wengine waliondoka wamenuna. Wengine walipiga magoti nyuma yangu, tukasali bila kinanda, lifti ikifunguka na kujifunga, Wachina wakituruka na mifuko yao ya mboga.

Sijui Jumapili ijayo watakuja wangapi. Huenda wakachagua mwenyekiti mwingine.

Ila nina neno na wewe, Badi. Jioni ile uliingia ukicheka, ukaniomba chai, nami nikadhani ulikuwa unaringa. Hukuniambia sakafu ile ni ya baridi namna hii.

Kaa salama huko uliko. Ndala zako nimezifuta vumbi, nimezirudisha palepale.

Dada yako wa korido,
Mama Upendo